Saa ya Mhakiki na Saa ya Kijiji: Juu ya Mapokezi ya Mchezo wa Mkononi "Animal Crossing: Wild World"

1. Utangulizi

Neno "mchezo" lina mapana makubwa katika Kiswahili. Watoto hucheza uani, vijana hucheza kandanda, wageni wa arusi hucheza ngoma, na waigizaji hucheza jukwaani. Kitenzi ni kimoja, na anayetaka kupambanua huongeza neno la pili. Mapana hayo yanatufaa tunapochunguza kazi ambayo wahakiki wake wa kwanza walisumbuka kuipatia mahali: je, ni mashindano, ni masimulizi, au ni maigizo ya maisha ya kila siku?

Kazi tunayoisema ni Animal Crossing: Wild World, mchezo wa kielektroniki uliotolewa na kampuni ya Nintendo ya Japani mwaka 2005 kwa ajili ya kifaa cha mkononi kiitwacho Nintendo DS. Lengo la makala hii si kuisimulia tena kazi hiyo, bali ni kuhakiki uhakiki wake. Tutaonyesha kwamba wahakiki wa magazeti ya Marekani na Ulaya waliisifu sana, tena kwa haki, lakini waliipima kwa saa isiyokuwa yake. Kazi hii imeundwa ili iishiwe kwa mwaka mzima, nao waliihukumu baada ya siku chache. Kutokana na haraka hiyo, mambo matatu yaliyo kiini cha kazi yalionekana kuwa kasoro, au hayakuonekana kabisa: marudio ya maneno, maana iliyofichwa na tafsiri, na swali la deni.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini jarida la taaluma ya Kiswahili lishughulike na jambo hilo. Tunajibu kwamba sisi pia tunazo kazi zinazoishi katika wakati: ngano zinazosimuliwa jioni baada ya jioni, na michezo ya kuigiza ya redio na televisheni ambayo mhusika wake hurudi kila juma kwa miaka mingi. Mhakiki wa kazi kama hizo hukabiliwa na swali lile lile: ni lini ameona ya kutosha hata aweze kusema?

2. Kazi yenyewe

Mchezo huu ulitoka Japani tarehe 23 Novemba 2005, ukafika Amerika ya Kaskazini tarehe 5 Desemba mwaka huo huo, na Ulaya tarehe 31 Machi 2006. Jina lake la Kijapani, Oideyo Dōbutsu no Mori, tunaweza kulifasiri kuwa "Njoo katika Msitu wa Wanyama". Msingi wake ulikuwa umewekwa na toleo la mwaka 2001, lililochezwa nyumbani mbele ya televisheni, lakini Wild World ndilo toleo la kwanza la mfululizo huu kutiwa katika kifaa cha kubebwa mfukoni.

Msuko wake ni mwepisi mno. Mtu anafika kwa teksi katika mji mdogo ambao wakazi wake wote ni wanyama wanaosema. Mwenye duka, Tom Nook, anampa nyumba kwa mkopo, anamtumikisha kidogo dukani, kisha anamwachia ajitafutie njia yake. Kuanzia hapo hakuna adui, hakuna kushinda, wala hakuna kushindwa. Mkazi mpya huvua samaki, hukamata vipepeo, hupanda maua, huwaandikia majirani barua, hupamba nyumba yake na kulipa deni lake kidogo kidogo.

Katsuya Eguchi, aliyebuni mfululizo huu, amepata kueleza kwamba wazo lilimjia kutokana na maisha yake. Alitoka mkoa wa Chiba akahamia Kyoto alipojiunga na Nintendo mwaka 1986, akajikuta mbali na jamaa na marafiki, na hapo ndipo alipotambua thamani ya kuwa karibu na watu. Asili hiyo haikufutika. Mara kwa mara mchezaji hupokea barua kutoka kwa mama yake, mhusika ambaye haonekani kamwe. Kwa hiyo, chini ya rangi zake za kitoto, hii ni kazi juu ya mtu aliyehama kwao.

Fani yake kuu ni wakati. Saa ya mchezo ni saa ya dunia: mchezaji akifungua kifaa usiku, mjini pia ni usiku na duka limefungwa. Misimu hufuatana kama kalenda inavyokwenda, na kila msimu, hata kila saa, una samaki na wadudu wake. Jumapili asubuhi mwuzaji hupita akiuza mboga ya mizizi, na ikifika saa sita mchana huwa ameondoka. Jumamosi jioni tu ndipo mbwa mwenye gitaa, K.K. Slider, huimba katika mkahawa ulio chini ya makumbusho. Mchezaji akiwa mbali kwa majuma kadhaa, magugu huota, mende huingia nyumbani mwake, na majirani humwuliza alikuwa wapi.

3. Mapokezi kwa jumla

Kwa kuanzia, tutazame hesabu. Shirika la Metacritic, linalokusanya alama za wahakiki na kutafuta wastani wake kwa mia, linaonyesha alama 87 kwa toleo la GameCube, 86 kwa Wild World, 73 kwa toleo la Wii la mwaka 2008, na 88 kwa New Leaf, toleo la Nintendo 3DS lililotoka Japani mwaka 2012 na sehemu nyingine za dunia mwaka 2013. Wanunuzi walikubaliana na sifa hizo: Wild World iliuzwa nakala zaidi ya milioni 11, na New Leaf zaidi ya milioni 12.

Sifa zilielekea upande mmoja. Wahakiki waliona kwamba kifaa cha mkononi ndicho makao yaliyofaa kazi hii, kwa sababu mji unaotembelewa kwa dakika kumi asubuhi na kumi jioni unataka kuwa karibu na mkono. Walifurahia pia uwezo wa wachezaji wanne kukutana katika mji mmoja kwa njia ya mtandao, ingawa walinung'unikia tarakimu 12 ambazo marafiki walilazimika kupeana kwanza. (Huduma hiyo ya mtandao ilifungwa mwaka 2014.) Hatimaye walisifu ucheshi wa mazungumzo na utulivu wa mandhari.

Lawama nazo zilikuwa za aina chache. Ya kwanza: kazi haina lengo, na baada ya muda mchezaji hajui afanye nini. Ya pili: majirani hurudia maneno yale yale. Ya tatu: toleo hili halikutofautiana vya kutosha na lililotangulia, tena limepunguza baadhi ya mambo, kwa mfano sikukuu za Noeli na Halloween, ambazo mahali pake pamewekwa sherehe za kubuni. Lawama hii ya tatu ndiyo iliyoliangusha toleo la Wii miaka mitatu baadaye. New Leaf ilipompa mchezaji cheo kipya, yaani kuwa meya wa mji, alama zikapanda tena.

Tukizilinganisha alama hizo nne, tunaona kwamba kipimo kilichotumika zaidi kilikuwa upya. Toleo lililoongeza jambo lilipanda, na lililorudia lilishuka. Kipimo hicho si cha kudharauliwa. Mtu anayetoa fedha mara ya pili ana haki ya kuambiwa kama ananunua kitu kile kile. Lakini hapo tunakutana na kazi mbili zinazovaa jina moja. Mshauri wa mnunuzi huuliza: kuna nini kipya ndani, na kinastahili bei hii? Mhakiki huuliza: kazi hii inasema nini, na inasema kwa njia gani? Makala nyingi za mwaka 2005 na 2006 zilijibu swali la kwanza vizuri sana, zikadhani kwamba zimekwisha kujibu la pili.

4. Tatizo la saa

Desturi ya magazeti hayo inajulikana. Mwandishi hupewa nakala kabla ya siku ya mauzo au karibu nayo, na hukumu yake hutakiwa itoke mapema, wakati wanunuzi wangali wanasitasita. Kwa kazi yenye mwanzo, kati na mwisho, desturi hiyo hudhuru kidogo tu: mwenye bidii huimaliza kwa siku nne na kuandika. Lakini Wild World haimalizwi kwa bidii. Aliyeipokea Jumatatu na kuandika Ijumaa hajamsikia K.K. Slider hata mara moja, wala hajamwona mwuzaji wa Jumapili. Mhakiki wa Marekani aliyeandika mwezi wa Desemba 2005 aliona theluji, lakini hakuona vipepeo vya kiangazi wala majani ya miti yakibadilika rangi.

Inawezekana kubadilisha saa ya kifaa kwa mkono na kuruka miezi. Wachezaji wengi wamefanya hivyo, na bila shaka wahakiki wengine pia. Lakini mwenye kuruka ameziona picha za misimu tu, hakuuona wakati. Furaha ya kuona theluji ya kwanza inatokana na siku zote zilizopita bila theluji. Mfululizo wenyewe unalijua jambo hilo na unampinga mwenye hila: saa ikirudishwa nyuma, mboga alizonunua Jumapili huoza. Anayezima kifaa bila kuhifadhi siku yake hutokewa na fuko mwenye hasira, Mr. Resetti, ambaye humkemea kwa hotuba ndefu kwamba maisha hayarudiwi. Katika New Leaf hotuba hizo zilifanywa za hiari, maana huja tu iwapo meya ataijengea ofisi yake. Tunaona kwamba uungwana huo ulipunguza ukali wa dhamira.

Kwa mtazamo huu, lawama ya kukosa lengo inageuka. Kazi hii ina lengo, ila lengo lenyewe halimaliziki: ni kuwa mkazi. Mtu hakamilishi ukazi kama anavyokamilisha safari. Mhakiki aliyekwenda kutafuta mwisho wa safari alirudi akisema kwamba njia haina mwisho. Alisema kweli, lakini alikuwa amekaribishwa kukaa.

Hapa tuna mfano wa nyumbani. Kikundi cha Mufwankolo cha Lubumbashi, ambacho Johannes Fabian alikichunguza katika kitabu chake Power and Performance cha mwaka 1990, kilijenga sifa yake kwa michezo ya redio na televisheni katika Kiswahili cha Shaba, juu ya mambo ya nyumba, ya mtaa na ya kazi. Mtazamaji aliyeona jioni moja tu angeweza kusema kwamba hakuna jipya: mzee yule yule, werevu ule ule, ugomvi ule ule. Aliyemfuata mhusika huyo kwa miaka alijua kwamba jipya lilikuwa katika tofauti ndogo, na kwamba tofauti ndogo haionekani ila kwa mwenye kukumbuka. Hatusemi kwamba kazi hizi mbili ni sawa. Ile ya Lubumbashi ilibuniwa na watu mbele ya watu wao, na hii imeandikwa mapema katika programu. Tunachosema ni kwamba zote mbili zinamdai mhakiki kumbukumbu.

5. Marudio na salamu

Tuje sasa kwenye lawama ya marudio, ambayo kwa mwanaisimu ndiyo yenye mambo mengi. Chanzo chake ni cha kiufundi na ni rahisi kukieleza. Katika Wild World majirani wamegawanywa katika tabia sita: mvivu, mpenda mazoezi, mkali, mpole, mchangamfu na mwenye maringo. Mazungumzo yameandikwa kwa kila tabia, hayakuandikwa kwa kila mhusika. Mji ukijaa huwa na majirani wanane, na kwa kuwa wanane hawaenei katika tabia sita, ni lazima walau wawili wafanane. Siku moja mchezaji husikia sentensi ile ile kutoka kwa chura na kutoka kwa dubu, na hapo uzi wa mshonaji huonekana.

Lakini je, marudio yenyewe ni kasoro? Mwaka 1923 Bronislaw Malinowski alionyesha kwamba sehemu kubwa ya usemi wa binadamu haipeleki habari, bali hudumisha uhusiano. Sisi tunaosalimiana kwa Kiswahili hatuhitaji kuthibitishiwa. Anayepita asubuhi akauliza habari za nyumbani, za watoto na za kazi, hatarajii majibu mapya. Angejibiwa kila siku kwa maneno ya kubuni angeshtuka. Kijiji ambacho kila salamu ni mpya si kijiji, ni ukumbi wa maonyesho. Kwa hiyo wahakiki waliolaumu marudio kwa sababu tu ni marudio walidai kitu ambacho maisha hayakitoi.

Kasoro ipo, lakini ipo mahali pengine. Salamu zetu hurudiwa, ila hurudiwa kwa kumtambua mtu. Mitaani Lubumbashi "jambo" peke yake ni kavu. Hufuatwa na baba, mama, yaya au mdogo, na uchaguzi wa neno hilo moja hutangaza umri, heshima na ukaribu. Maneno yanabaki yale yale, uhusiano ndio unaosogea. Katika Wild World hali ni kinyume. Jirani aliyeishi nawe mwaka mzima husema kwa mtindo ule ule kama aliyehamia juzi, isipokuwa mambo machache kama jina la utani. Karibu wote ni wa rika moja. Meya ni kobe mzee, lakini mbali naye hakuna wazee wa kuamkiwa, hakuna anayezaliwa, na hakuna anayefiwa. Jirani aliyechoka na mji huhama na kuacha barua. Hilo ndilo pengo ambalo lawama ya "maneno yanarudiwa" ililigusa bila kulitaja.

Haki inatudai tutaje jambo la upande wa pili. Kila jirani ana kibwagizo chake, neno dogo analoliweka mwishoni mwa sentensi, na mchezaji anaweza kumfundisha kibwagizo kipya. Baadaye kibwagizo hicho huweza kuhamia kwa jirani mwingine, na kwa mwingine tena. Mwalimu wa isimujamii asingepata mfano mdogo ulio bora zaidi wa kuonyesha jinsi neno linavyosambaa katika jamii. Lakini kusambaa huko huchukua majuma. Mwenye kuandika baada ya siku tano alilaumu marudio, na hakuwa na nafasi ya kuona kwamba mengine kati yake yalikuwa maneno yake mwenyewe yakimrudia kupitia kinywa cha mtu mwingine.

6. Kilichofichwa na tafsiri

Wahakiki wa Marekani na Ulaya waliusoma mji huu katika tafsiri. Tafsiri ya Kiingereza inasifika kwa ucheshi, na sifa hiyo ni halali. Hata hivyo, mambo mawili yalibadilika njiani, na yote mawili yanahusu fedha.

La kwanza ni mwenye duka. Kwa Kijapani anaitwa Tanukichi, jina linalotokana na tanuki, mnyama wa Japani wa ukoo wa mbwa. Katika ngano za huko tanuki ni mjanja wa kujigeuza. Hujiwekea jani kichwani akawa mtu au chungu, na huweza kuyageuza majani yakaonekana kuwa fedha. Watafsiri walimfanya kuwa raccoon, mnyama wa Amerika anayefanana naye kwa sura, lakini asiyekuwa na ngano hiyo. Ni kama hadithi ya Sungura, au ya Kalulu kama wengi wanavyomwita huku Katanga, itafsiriwe kwa mnyama wa masikio marefu asiyejulikana kwa werevu wowote. Sura hubaki, hadithi hupotea. Na katika mchezo huu samani yoyote iliyolazwa nje chini huonekana kuwa jani. Msomaji wa Kijapani ana njia ya kuunganisha: mali yote anayoiuza Tanukichi huenda ikawa majani tu. Msomaji wa Kiingereza aliona alama ya kupendeza na kupita.

La pili ni mboga ya Jumapili. Kwa Kijapani inaitwa kabu, na kabu pia ni hisa za kampuni. Mchezaji hununua kabu Jumapili, bei hupanda na kushuka juma zima dukani kwa Nook, na asipouza kabla ya Jumapili inayofuata zote huoza. Mzaha huo ni somo zima la biashara ya kubahatisha katika silabi mbili. Watafsiri waliujenga upya kwa kucheza na neno la Kiingereza la shina la mmea, linalotamkwa karibu sawa na neno la hisa, na hapo walifaulu. Kwa hiyo tafsiri iliokoa utani wa soko, ikapoteza ngano ya mwuzaji. Hukumu juu ya dhamira ya kazi ilitolewa na watu walioona nusu ya taswira zake.

7. Deni: mafundisho au dhihaka?

Hapa tunafika kwenye swali zito kuliko yote. Mchezo unaanza kwa deni. Deni likilipwa, nyumba hupanuliwa na deni jipya, kubwa zaidi, hufuata. Nyumba kubwa huomba vitu vingi, vitu hununuliwa kwa Nook, na kadiri mtu anavyonunua ndivyo duka la Nook linavyokua, kutoka kibanda hadi jumba la ghorofa. Mkopo hauna riba wala tarehe ya mwisho. Je, kazi hii inamzoeza mtoto kupenda deni, au inalicheka?

Uhakiki wa magazeti uliligusa jambo hili kwa utani tu, kwa kumwita Nook mnyonyaji mwenye tabasamu. Aliyelichukulia kwa uzito ni Ian Bogost, katika kitabu chake Persuasive Games cha mwaka 2007. Hoja yake ni kwamba mchezo husema kwa kanuni zake zaidi ya maneno yake. Mzunguko wa nyumba, vitu na deni, kwa maoni yake, humwonyesha mchezaji jinsi ununuzi unavyozaa ununuzi, na jinsi mali ya wengi inavyokusanyika kwa mmoja. Bogost hakuwa anamshauri mnunuzi, na alijipa muda. Si ajabu kwamba hoja bora ilitoka katika kitabu.

Tunakubaliana naye kwa sehemu. Kanuni zinaonyesha mzunguko, lakini zimeuondolea maumivu. Deni lisilo na riba wala tarehe haliumizi, na deni lisiloumiza haliwezi kumfundisha mtu deni ni nini. Mchezaji anaweza kukaa mwaka mzima akivua samaki bila kulipa hata senti, na Nook hatamgongea mlango. Kwa hiyo dhihaka ipo, lakini ni dhihaka iliyotolewa meno.

Kuna jambo dogo ambalo halikuwa miongoni mwa yaliyobishaniwa, nalo linamhusu hasa msomaji aliye upande wetu wa dunia. Katika ofisi ya mji kuna mahali pa kutoa mchango kwa ajili ya mji mwingine uitwao Boondox, ambao ni maskini. Mji huo hauonekani kamwe. Mchezaji hawezi kuutembelea, hamjui mkazi wake hata mmoja, na hajui kwa nini ni maskini. Anachopata ni barua za shukrani pamoja na manyoya ya kuvaa kichwani, ambayo rangi zake huwaonyesha majirani ukarimu wake. Jina lenyewe lina historia. Katika Kiingereza cha Marekani neno linalotamkwa hivyo humaanisha mahali pa mbali pasipo na maendeleo. Nalo lilitoka katika Kitagalogi, bundok, yaani mlima, likaingia vinywani mwa askari wa Marekani walioletwa Ufilipino na vita vya mwisho wa karne ya 19. Waliopigana milimani waliliacha neno la wenyeji likiwa tusi dogo la umbali.

Mwandishi wa New York au wa London aliweza kuipita Boondox kama mapambo. Sisi tunaosoma kutoka katika nchi ambayo mara nyingi huandikiwa barua za namna hiyo tunaona kwamba hapo mchezo unasema wazi zaidi kuliko katika deni. Unaonyesha msaada kama unavyoonekana kwa mtoaji: mahali pasipo sura, shukrani inayofika kwa posta, na unyoya wa kuvaa. Kama ni dhihaka, ndiyo kali kuliko zote zilizomo. Kama si dhihaka, ni ushahidi. Kwa vyovyote ilistahili aya moja ya mhakiki.

8. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba mapokezi ya Wild World yalikuwa mema kwa sababu pungufu. Kazi ilisifiwa kwa utulivu wake na kulaumiwa kwa marudio yake, ilhali utulivu na marudio ni pande mbili za jambo moja, yaani wakati unaokwenda sawa na wa msomaji. Toleo la New Horizons, lililotoka tarehe 20 Machi 2020 kwa mashine inayochezwa nyumbani na mkononi pia, lilipata wastani wa 90. Watu wengi walikuwa wamefungiwa majumbani kwa ajili ya ugonjwa wa Covid-19, na mji wenye majirani na kalenda ya kawaida ukawa hitaji. Kanuni za mchezo hazikuwa zimegeuka sana. Safari hii saa ya msomaji na saa ya kijiji zilikuwa zimekutana.

Kwa wanafunzi wa uhakiki tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kabla ya kutoa hukumu, mhakiki aeleze ameishi na kazi kwa muda gani, kwa kuwa muda huo ni sehemu ya ushahidi wake. Pili, akisoma katika tafsiri aulize majina ya wahusika yalikuwa nani kabla ya kuvuka bahari. Tatu, asichukue alama ya wastani kuwa hoja: 86 na 88 hazituambii kama jirani anakutambua unapomsalimu. Vipimo hivyo havihusu michezo ya mkononi peke yake. Vinaihusu tamthilia ya juma kwa juma, ngano ya jioni nyingi, na kazi yoyote inayomwomba msomaji wake akae.